Mbeleko ya Mtoto Mkubwa

Siku ya kugawa nguo za mama, mama zangu wadogo walikaa kwenye mkeka uani kwetu Kilolo, wakawa wanatoa vitenge kimoja kimoja kwenye begi, wanavikunjua, wanavinusa, wanaambiana huyu achukue hiki na yule achukue kile. Ndiyo desturi yetu, marehemu habaki na nguo. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki kama mwenye shughuli, kwa sababu shughuli yote niliibeba mimi. Ng'ombe mimi, maturubai mimi, gari la kupandisha mwili kutoka Mbeya mimi. Halafu kutoka chini kabisa ya begi likatoka tambara. Zamani lilikuwa kitenge. Rangi yake sasa huwezi kuitaja, na ncha zake mbili zimekunjamana na kukakamaa kama kamba ya mbuzi.

Mama mdogo alilishika kwa vidole viwili. "Hili la kudekia."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matanga. Mimi nikasimama na suti yangu, na kitambi changu, nikamnyang'anya.

"Baba," akaniambia, "na utajiri wote huo unagombea dekio?"

Harufu ilikuwa imeshaniingia. Pumba za mpunga zilizolowa, moshi wa dizeli, na jasho la mgongo wa mama. Ninyi wa rika langu mliobebwa mgongoni mnajua mgongo wa mama una harufu yake, hata miaka ikipita mingapi. Ila ninyi mlishushwa mapema. Mimi nilishushwa nikiwa na meno ya ukubwani.

Kwa asiyenijua, mimi nimeishia darasa la nne. Haya mnayosoma, nukta na herufi kubwa kaweka binti yangu Atu, maneno ni yangu. Lakini shuka Chimala uulize mashine za kukoboa mpunga ni za nani, utaoneshwa zangu kabla hujamaliza kuuliza. Mpunga wa Madibira unalala kwenye maghala yangu. Nyumba yangu ya Soweto, pale Mbeya, ina vigae mpaka chooni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayasema haya ili ujue kwamba anayelia hapa siyo mtu aliyeshindwa na maisha.

Na bado kuna jambo wafanyakazi wangu hawalijui. Mashine zangu zikiwaka, mimi siingii. Nimejenga ofisi ya vioo vizito upande wa pili wa uwanja, nikawaambia bosi hali vumbi. Wananiona najidai, na kujidai ninajua kweli. Lakini sababu siyo hiyo.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao, na mti ndio uliomuua. Simkumbuki uso, namkumbuka unga wa mbao kwenye shati. Tukabaki mimi na mama kule Kilolo kwenye ukungu. Asubuhi za kwetu humwoni mbuzi wako mwenyewe, unamsikia tu akitafuna. Kila sauti inakuja imevikwa blanketi. Pale nilikuwa mtoto kama watoto, isipokuwa sweta la sufu liliniuma kama siafu, na uji ukiwa na bonge hata moja niliutapika wote. Mama hakunigombeza. Alinivua sweta, akachuja uji. Nilidhani mama wote wanachuja uji.

Kisha watu wakamwambia Chimala kuna kazi ya kupepeta mchele msimu wa mavuno, naye akafunga mzigo tukashuka. Kushuka kutoka Kilolo kwenda Chimala ni kama kutolewa ndani ya maji ukatupwa juu ya bati. Jua linapiga mabati, mabati yanapiga macho. Malori ya barabara kuu yanabadilisha gia mlangoni kwako. Na katikati ya vyote ilikuwepo mashine.

Ilikuwa banda moja refu lenye matundu kwenye bati, injini ya dizeli mwisho kabisa, na mkanda mpana wa mpira kutoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Msimamizi alikuwa Mzee Sanga, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kwa sababu ya kuishi na injini. Alizungusha mkono wa chuma, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Mkanda ukaanza kupiga.

Sijui niwaelezeje. Ile sauti haikupita masikioni. Iliingia kwenye meno, ikashuka uti wa mgongo, ikakaa tumboni. Mwanga wa matundu ya bati ukawa unakatwakatwa na vumbi, na kila kipande kinanichoma. Nilianguka chini nikapiga yowe mpaka sauti yangu ikanipotea. Wanawake waliokuwa wanapepeta wakaacha nyungo wakanitazama. Na mimi, nikiwa pale chini, nikawa nawatazama wao, nikashangaa. Nilijua kila mmoja wao anaumwa kama mimi. Sikuwa na sababu ya kufikiri tofauti. Nikaamua kwamba wenzangu ni hodari na mimi ni mwoga. Wazo hilo liliniingia mwilini siku ile, na nimelibeba mpaka mvi.

Mama hakunipiga. Aliokota kitenge, akachuchumaa, akanivuta mgongoni, akanifunga. Siyo kufunga kwa kubembeleza. Alikaza mpaka mbavu zangu zikakutana na zake, akapiga fundo la kwanza juu ya maziwa na la pili kiunoni. Kisha akainuka, mtoto mkubwa mgongoni, miguu inaning'inia mpaka chini ya magoti yake, akachukua ungo akaanza kupepeta. Na mimi nikanyamaza. Mkanda ulikuwa bado unapiga, lakini sasa ulipiga kwa mbali, kama unapiga mtu mwingine.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi mashine ikikohoa, nafungwa. Jirani yake kwenye kupepeta alikuwa mama Lusajo, Mnyakyusa mwenye mdomo ambao msimu mzima haukukauka.

"We Mhehe, huyo ulishamzaa au bado unamzaa?"

"Mwache apumzike," mama alisema.

"Apumzike nini, miguu inafagia. Angalau mpe fagio afanye kazi."

Wanawake wakacheka. Mwingine akadakia, "Meno yote ameshaota. Siku akisikia njaa ataanza na shingo."

Mama alikaza fundo akaendelea. Naye alikuwa na lake ambalo wanawake walilicheka pia. Kabla mashine haijawaka alijifunga kitambaa kichwani, akakizungusha juu ya masikio na kukikaza mpaka ngozi ya paji la uso ikasogea. Nilidhani kichwa chake kina ufa. Nilidhani akikifungua kitaachana vipande viwili, na kwamba ufa ule niliuleta mimi kwa uzito wangu.

Halafu kulikuwa na mvumo. Sikio langu lilikaa katikati ya mabega yake, na kutoka ndani mle nilisikia sauti nene, moja, isiyo wimbo wala maneno. Mmmm. Inapanda kidogo, inashuka, inarudi pale pale. Kwa nje huwezi kuisikia, mashine inaimeza. Niliisikia mimi tu, kwenye mfupa. Na nikaielewa kama mtoto anavyoelewa. Nilisema moyoni, mama ananung'unika. Amenichoka. Hawezi kunisema mbele za watu, kwa hiyo ananisemea ndani. Kutwa nzima nililala juu ya mgongo uliokuwa, kwa akili yangu, unanilalamikia. Uliniponya na kunitukana kwa wakati mmoja.

Wakati wa chakula mashine ikizimwa, alinifungua akanipa wali wa chenga, naye akapotea kidogo. Sikujua anakokwenda. Mimi nilizunguka nyuma ya banda kwenye mlima wa pumba. Siku hizi pumba zina wateja, zamani zilikuwa takataka, zilirundikwa mpaka zinaizidi nyumba. Wafyatua matofali waliziwasha upande mmoja ili wapate majivu na moto wa kuchomea. Watu wa Mbarali, wilaya yenye Chimala, wanajua pumba haziwaki kwa mwali. Zinakula kwa ndani, polepole, juu zimetulia kama zimelala. Kila mtu alijua upande gani una moto. Upande wa pili, wa baridi, niliona shimo limekwisha kuchimbwa, refu kunizidi, limekaa umbo la kiumbe aliyejikunja. Nikasema la mbwa. Nikajilaza humo, nikajifukia mpaka kidevuni. Uzito ule ulinishika kila mahali, na dunia ikazimika. Hata malori yakazimika. Mpaka leo sijalala kitanda kilichonipa usingizi wa namna hiyo, na vitanda vyangu ni vya mbao ngumu.

Katikati ya msimu alikuja shangazi, dada yake baba, kutoka Iringa. Alikuwa mwanamke msafi, mnyoofu, mtu wa kanisani. Alitukuta jioni mama ananifungua.

"Kamwene, wifi."

"Kamwene."

"Kule mjini wananiambia mwana wa kaka yangu anabebwa kama kichanga. Nikasema waongo." Alinitazama miguu. "Kumbe wamenificha mengine."

"Mashine inamuuma," mama alisema.

"Mashine inamuuma vipi, imemgusa wapi? Wifi, huyu amechezewa. Kuna maombi, na maombi yasipotosha kuna wanaojua."

"Hana kitu huyu."

"Umejuaje?"

Mama akakung'uta kitenge, akakikunja. Alikuwa na jibu, leo najua alikuwa nalo, akalimeza.

Mzee Sanga alikuwa karibu anafuta mikono ya grisi. Akaingilia. "Mama, mimi nilishakwambia. Kesho mwenye mashine anakuja. Akikukuta na gunia mgongoni, ungo wako anapewa mwingine, na mimi siwezi kukutetea."

Pale pale pakapangwa, mbele yangu, kama wanapanga habari ya mbuzi. Kesho nishinde kwa miguu yangu. Nisipolia, nabaki Chimala na mama. Nikilia, shangazi anaondoka na mimi, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba na mama hakuwa na sauti ya kumzidi wifi yake.

Asubuhi mama alichuchumaa mbele yangu. "Utaweza kutolia?"

"Nitaweza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akanishika mabega akayabana kwa nguvu, akaachia. Kitenge akakifunga kiunoni mwake mwenyewe, juu ya gauni, akakaza. Mashine ikakohoa.

Nilisimama kwenye nguzo. Nililiuma shati mpaka likalowa. Mwenye mashine alikuja, akazunguka, akaondoka, hakuniona hata kuniona. Mama Lusajo akanikonyeza, "Leo ndiyo amezaliwa, mwiteni mkunga." Shangazi alikaa kwenye gunia kwa mbele, mkoba magotini, ananitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Na kweli nilikuwa nachemka. Mate yalikuwa yanajaa, machozi yalikuwa yanajaa, na mkanda ulikuwa umepata kiraka, kila kiraka kikipita kinapiga kibao cha ziada. Nikajua nikibaki nitalia. Sikuahidi kubaki. Niliahidi kutolia. Nikatoka kimya kimya, nyuma ya banda, kwenye pumba.

Nilizunguka vibaya. Macho yalikuwa yanaona vipande vipande. Nikachimba, nikakuta pumba zina joto, joto zuri, joto kama mgongo. Nikasema hapa ndipo. Nikaingiza miguu, nikazidi kuingia.

Moto wa pumba hauumi mara moja. Unakukaribisha kwanza. Ulipoanza kuniuma mguu wa kushoto nilijaribu kuuchomoa, pumba za juu zikaporomoka zikanikalia. Na mimi nimeahidi. Mkinielewa hapa, mtakuwa mmenielewa maisha yangu yote. Nilikuwa naungua, mama yuko hatua chache upande wa pili wa ukuta, na sikulia. Nililiuma shati nikatazama anga jeupe la Chimala, nikawa najiambia hata kidogo, hata kidogo.

Aliyenitoa ni mama. Sijui alijuaje. Hakuna aliyemwita. Walisema alitupa ungo, mchele ukamwagika wote, akakimbia moja kwa moja nyuma ya banda, hakutafuta chooni wala barabarani, kama mtu anayerudi kwake. Alikwenda kwanza upande wa baridi, kwenye lile shimo, akalikuta tupu. Kisha akaona pumba zinasogea upande wa moto. Alichimba kwa mikono. Viganja vyake viliungua, na alama alikufa nazo.

Aliponitoa, neno la kwanza nililosema ni hilo. "Mama, sikulia."

Watu walikuwa wamejaa. Mguu ulikuwa umevimba na kubadilika rangi.

"Mama, sikulia. Waulize."

Shangazi alisimama juu yetu. Uso wake ulikuwa umekauka. "Mtoto anaungua na halii," alisema taratibu. "Jamani, mmemwona? Anaungua na halii. Huyu siyo mzima."

Na hivyo ndivyo nilivyoshindwa. Yowe lingeniokoa. Kimya changu ndicho kilichonihukumu.

Siku ya kuondoka, pale kituoni, mama alikuwa amenibeba kwa sababu ya mguu. Basi la Iringa lilipokuja likipiga honi, alinikaza kwa mara ya mwisho, na ule mvumo ukaanza, mkubwa kuliko siku zote, mpaka mbavu zangu zikatetemeka. Nikasema moyoni, hata leo? Hata leo ananilalamikia? Shangazi akafungua fundo yeye mwenyewe. Mama akanyoosha kitenge kumpa.

"Chukua wifi, umfungie. Anatulia."

"Mtoto wa kiume hafungwi. Baki nacho."

Mama akabaki nacho. Hakulia, hakukimbiza basi. Alisimama vumbini anavuma, macho amefumba. Kupitia kioo niliona anajiviringisha kile kitenge mwilini, anakaza. Nikafikiri ameshusha mzigo, sasa anajifunga kazi iendelee.

Ya Iringa nitayafupisha. Shangazi hakuwa mbaya. Aliniombea, akaniombeshea, akanipeleka kwa waliojua. Nilimwagiwa maji, nikafukizwa moshi, nikafokewa pepo ambalo sikuwa nalo. Shuleni kengele ilikuwa rimu ya gari, na darasa letu lilikuwa kelele toka ukuta hadi ukuta. Nikaacha. Nikarudi barabarani Chimala nikiwa kijana, nikaanika mpunga wa watu, nikabeba, nikanunua, nikauza, na mengine mnayajua. Nilinunua ile mashine ya mkanda kwanza kabisa. Niliivunja vyuma nikauza. Watu walisema hesabu za tajiri ni za ajabu.

Mama nilimjengea nyumba Kilolo, na nikamleta Soweto aishi kwangu kwenye vigae. Alikaa kidogo tu. "Nyumba yako inaita, mwanangu," aliniambia. "Kijiko kikianguka jikoni, kinaanguka kichwani kwangu." Nikamrudisha kwenye ukungu wake. Moyoni nikasema, ndiyo yule yule, alinichoka tangu zamani. Sikumuuliza kitu. Naye hakuwa mwanamke wa kueleza.

Aliyenieleza ni Atu. Huyu binti nimemsomesha mpaka chuo, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, na siku moja nimetoka mbio kwenye harusi ya rafiki yangu kwa sababu ya spika, akanifuata kwenye gari. Hakuwasha taa.

"Baba, lebo za mashati yako yote nani anazikata?"

"Zinawasha."

"Na wali lazima uwe ule ule, sahani ile ile. Na ofisi ya vioo. Na shuka unajibana nazo mpaka mama, pembeni yako kitandani, analala bila shuka."

"Unataka kusema nini wewe?"

"Kuna watu ambao sauti, mwanga, nguo mwilini, vinawafikia kwa nguvu kuliko vinavyotufikia sisi. Siyo uoga, siyo kiburi. Ndivyo walivyozaliwa. Na wengi wanatulizwa na kubanwa, na uzito, na kuvuma wenyewe kwa ndani. Nafundisha watoto wa hivyo. Lakini hawaachi wakikua, baba. Wanajifunza kuficha tu."

Nilimfokea. Nilimwambia mimi na mashine zangu na malori yangu nisiambiwe nina kasoro na mtoto niliyemlipia ada. Akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Sijasema kasoro. Nimesema unaumia kweli." Nikashindwa kuwasha gari. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba wenzangu hawaumii. Nilidhani ni hodari.

Hata hapo sikumfikiria mama. Nilijifikiria mimi, kama kawaida yangu.

Halafu mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakafa. Tukamleta hospitali Mbeya, wodi ya akina mama, na kila saa ya kuona wagonjwa ilikuwa vita. Watu wanaingia na mabeseni, na vyombo, na maombi ya sauti, kitoroli kinapita kinagonga, mtoto wa mtu analia, na mama yangu anapiga yowe. Yowe refu, mkono mmoja uliobaki unapapasa kifuani, unatafuta, unavuta dripu inachomoka. Chakula hakipiti. Nesi, binti mpole, alikuwa amechoka nasi wote.

"Mzee, tunaomba tumfunge mkono kwenye kitanda. Hizi dripu akiendelea kuzitoa hatutamsaidia. Anapungua kila siku."

"Ana maumivu?"

"Dawa ya maumivu tumempa. Tunaona kama akili imevurugika."

Nilitazama ule mkono. Unakwenda kiunoni, unapanda kifuani, unavuta hewa, unavuta tena. Nilikuwa nimeuona mahali. Nikawa nautazama kama mjinga, mpaka Atu akafungua begi la nguo kutafuta shuka safi, na kitenge kikatoka. Kile kile. Ncha zake mbili zimekakamaa kwa mafundo. Fundo la juu ya maziwa, na fundo la kiunoni. Lakini mimi nilifunguliwa mtoto, na mafundo yale yalikuwa mapya. Kitambaa hakikunjamani namna ile kwa msimu mmoja. Alikuwa anajifunga peke yake, Kilolo, miaka yote hiyo, hana mtu mgongoni.

Nilivua viatu. Nilipanda kile kitanda cha chuma na suti yangu, wodi nzima inatazama, nikakaa nyuma yake, nikamvuta mgongo wake ukaja kwenye kifua changu. Alikuwa mwepesi. Nikamwambia Atu pitisha, zungusha, kaza.

"Baba, utamuumiza."

"Kaza."

Tukafungwa. Yowe likakatika katikati. Mkono ukalala. Nesi akafunga pazia, akazima taa ya juu bila kuulizwa. Na kutoka ndani ya mgongo wa mama, kupitia mifupa, kikaja kile kitu. Mmmm. Kinapanda kidogo, kinashuka, kinarudi pale pale.

Hakuwa ananilalamikia. Hakuwahi kunilalamikia. Mashine ile ilikuwa inamuua na yeye, kila siku, kila kibao cha mkanda. Kitambaa cha kichwani kilikuwa hicho. Shimo kwenye pumba, upande wa baridi, lilikuwa lake. Alijua sina pepo kwa sababu alijua ni nini. Alikuwa amesimama katikati ya ule moto wa kelele, amefunga mtoto, na uzito wa mtoto ndio uliokuwa unamshika asianguke. Tulikuwa tumeshikana, na pale kituoni walipotufungua walitufungua wote wawili.

Mimi alinifunga yeye. Yeye alifungwa na nani?

Nilitaka kumwambia. Mdomo wangu ulikuwa sikioni kwake. Nikasema, "Mama, na wewe?" Mvumo ukakatika kidogo, kama mtu aliyegeuka njiani akiitwa, kisha ukaendelea. Sijui kama ni jibu. Nesi alirudi akasema muda umekwisha, nikamwambia mwanangu, siwezi kuachia, nikilegeza anaanza. Akaniacha. Mikono ilikufa ganzi, mgongo ukaniuma, nikawa najiuliza aliwezaje, kutwa, na ungo mkononi. Alikunywa uji siku ile. Tulimfunga hivyo kila saa ya wageni mpaka saa ambayo hakukuwa tena na haja.

Basi ndiyo siku ya kugawa nguo. Nilipomnyang'anya mama mdogo lile tambara, vilio vilikuwa vimeanza upya uani, wageni wa kutoka Iringa wameingia, wanawake wanaomboleza kwa sauti, spika ya kukodi imewashwa na mimi ndiye niliyeilipia. Meno yakaanza kuuma kama zamani. Nikaingia ghala la mahindi, nikafunga mlango, nikakaa chini juu ya magunia.

Atu aligonga. "Baba, wanakuita useme neno la familia."

"Nakuja."

Akaingia. Aliniona nimelishika lile tambara, nahangaika na ncha zake, nalizungusha kifuani, na mikono yangu minene haifiki nyuma. Akapiga magoti nyuma yangu, mgongo kwa kifua, akapitisha kitenge akatuzungusha wote wawili, akapiga fundo la juu, akapiga la kiunoni.

"Hivi?"

"Kaza."

Akakaza.

"Kaza zaidi, mwanangu."

Nje walikuwa wananiita kwa spika, jina langu na sifa zangu zote. Nikafumba macho. Mvumo ulikuwa umeanza mahali fulani kati ya mbavu zangu na za kwake, na sikuwa na uhakika ni wa nani.